Tangu Niache Kuanguka

2 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza dawa mpya. Daktari amenipa kikadi niwe naweka alama kila siku nitakayoanguka. Kikadi chenyewe hakitoshi hata kumwandikia mtu salamu, na mimi nina maneno mengi, mtaa mzima unajua. Nimechukua daftari.

Haya, tujuane. Mimi ni msusi. Nina saluni ya chumba kimoja, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, benchi la wanaosubiri na kioo kikubwa. Kifafa ninacho tangu nilipovunja ungo. Naanguka, naamka, nanawa uso, naendelea na kichwa nilichokiacha. Wateja waoga walishakimbia zamani. Waliobaki wamebaki kwa sababu ya hii mikono, maana hakuna mwingine huku anayesuka rasta nyembamba zikatoka zote unene mmoja, tena mteja akalala usiku bila kichwa kumuuma. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Daftari ni langu.

3 Machi

Mvua. Dawa chungu mpaka masikioni.

8 Machi

Nimeanguka. Sikuwepo, kwa hiyo naandika nilivyoambiwa.

Mdogo wangu, ambaye tunamwita Pini kwa wembamba wake, ndiye ninayemfundisha kazi. Anasema nilisimama kimya na chanuo mkononi, nikageuza shingo kana kwamba kuna mtu kaniita, nikaenda chini. Yeye akakimbilia kijiko. Nimeamka jino limemeguka.

"Pini, nimekwambia mara ngapi usinitie kitu mdomoni? Nigeuze ubavu, basi."

"Dada, nilichanganyikiwa. Watu walikuwa wanapiga kelele, kijiko, kijiko!"

"Na wakisema shoka, utaleta shoka?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi walitoka nje wakasimama kwenye mvua, eti mate yangu yasije yakawaambukiza. Waliona afadhali walowe.

Aliyebaki ni Mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, anafundisha shule ya msingi ya hapo mbele. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa na nusu imesimama wima. Alikaa sakafuni akanipakata. Nilipozinduka niliona sketi yake imelowa mapovu yangu, nikamwomba radhi.

"Mate yako hayajaniua," akasema, "lakini hiki kichwa cha nusu kitaniua kwa aibu. Inuka umalizie."

Nikainuka nikamalizia.

12 Machi

Mume wangu anapaka nyumba rangi, ndiyo maana watu wanamwita Brashi. Mvua ikinyesha rangi haikauki, kwa hiyo yuko nyumbani, anazunguka jikoni na sebuleni kutwa nzima hana pa kutulia. Kazi aliyojipa ni kunisimamia nikimeza dawa.

"Fungua mdomo nione."

"Mimi mtoto?"

"Fungua."

Nimeolewa na askari magereza. Nikamtolea ulimi wote.

16 Machi

Nimepandisha dozi kama nilivyoelekezwa.

17 Machi

Usingizi.

18 Machi

Usingizi. Mvua. Usingizi.

1 Aprili

Tangu nipandishe dozi sijaanguka hata mara moja. Brashi amemtangazia kila mtu mpaka muuza mkaa. Nilimwambia anyamaze, asije akaita balaa, lakini moyoni nilikuwa namwachia aseme.

Leo nimeoga nimefunga mlango kwa komeo. Tangu usichana wangu sikuwahi kuruhusiwa. Mama alikuwa anakaa mlangoni, akaja Pini, akaja Brashi, kila mara mtu ananiita, "Uko sawa humo?" Leo hakuna aliyeniita. Nilikaa humo mpaka vidole vikajikunja. Nikaimba pia, na siwezi kuimba.

6 Aprili

Nimegawa nywele za mteja, mstari ukaenda upande. Nikazichana, nikagawa upya, ukaenda upande tena. Ndipo nikaitazama mikono yangu. Inatetemeka. Si sana, ni kama ya mtu aliyetoka kwenye baridi. Nikamwambia mteja ni njaa.

7 Aprili

Nimekula nikashiba. Inatetemeka.

11 Aprili

Pini amenichana leo akaniita pembeni, akanionyesha chanuo. Limejaa nywele zangu, na mizizi yake. Msusi ananyonyoka! Ningekuwa nasimuliwa habari za mtu mwingine ningecheka mpaka mbavu ziume.

Kuna lingine ambalo sijamwambia mtu. Jana muuza vitambaa alinitania kuhusu unene wangu, maana dawa imeninenepesha, na mimi nikakaa naye uso kwa uso nikitafuta la kumjibu. Lilikuja ameshafika nyumbani kwake. Mimi! Mimi niliyekuwa namjibu mtu kabla hajamaliza kusema!

15 Aprili

Mteja ameingia, amenisalimia kwa heshima zote, akaenda kukaa mbele ya Pini. "Wewe pumzika leo, shoga," akaniambia. Sikumwambia nimechoka.

Pini ananikwepa macho. Sasa hivi anafanya vichwa vitatu kwa kimoja changu, na mistari yake bado ni ya kubabaisha. Namchukia kidogo. Naandika hivyo hivyo, nitaona aibu kesho.

18 Aprili

Kliniki. Foleni imetoka mlangoni mpaka chini ya mabomba ya maji ya mvua, na watu wamejibanza ukutani. Tulipoingia mimi na Brashi, daktari hakuinua kichwa.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Sijaanguka, daktari."

Hapo akainua kichwa, akatabasamu. Ana tabasamu zuri, sikuwahi kuliona. "Hata mara moja? Safi sana! Unajua wangapi wanatamani kusema hivyo?"

"Lakini mikono yangu inatetemeka."

"Hiyo ni kawaida ya hii dawa."

"Mimi ni msusi."

"Ndiyo, ni kawaida," akasema, tayari anaandika. "Na usingizi?"

"Usingizi, nywele zinanyonyoka, na akili inachelewa. Ni kama ninaishi nyuma ya pazia, daktari."

"Hayo tutayaangalia. La muhimu hujaanguka. Endelea na dozi hiyo hiyo." Na kwa sauti ya juu, "Anayefuata!"

Brashi alimshukuru kwa mikono miwili. Njiani nilimuuliza anamshukuru kwa lipi.

"Jamani, mke wangu, huanguki! Hilo si la kushukuru?"

"Wewe ungepewa dawa ya kuacha kukohoa, halafu usishike brashi tena, ungeshukuru?"

Akakunja suruali, akatangulia kwenye matope. Nilimwona kama mtu aliyependezwa na mke mpole, anayesinzia mapema na asiyejibu. Pengine alikuwa anamngoja huyo siku zote.

22 Aprili

Leo hakuna mteja aliyenitaka. Nimefagia, nimefuta kioo. Mvua imepita chini ya mlango, nimeifagia nayo.

Jioni nimemeza nusu ya dozi. Ile nusu nyingine nimeificha chini ya ulimi, Brashi akachungulia, akaridhika. Nikaenda kuitema chooni.

23 Aprili

Hivyo hivyo.

24 Aprili

Hivyo hivyo. Sijaanguka.

30 Aprili

Imerudi! Mikono imerudi! Nimegawa kichwa kizima mistari minane imenyooka, nikawaita Pini na Brashi waje waone, kama mtoto aliyejifunza kuandika. Muuza vitambaa amepita na maneno yake, nikamjibu hapo hapo, saluni nzima ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka huku anafuta macho.

Usingizi umepungua. Chakula kina ladha. Nimeona kumbe Brashi ana mvi mpya juu ya sikio.

Najua ninachofanya. Naanguka mara moja kwa mwezi, au mbili, miaka yote hii nimeishi hivyo. Afadhali nianguke nikiwa mimi.

4 Mei

Wateja wanarudi mmoja mmoja. Brashi jana usiku alicheka na mimi mpaka jirani akagonga ukuta. Ananichungulia mdomoni bado, lakini haangalii vizuri.

Mwalimu anapandishwa cheo, atakuwa mwalimu mkuu wa shule ya upande wa pili. Anataka rasta ndefu za mgongoni, ndogo kabisa. "Nataka wanisikilize hata kabla sijafungua mdomo," amesema. Nimemwambia aje keshokutwa, nitamfanyia za bibi harusi.

6 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianze na ninayoyajua mwenyewe.

Mwalimu alikuja mapema, mvua inanyesha. Tulipiga soga, nikasuka. Mikono yangu haijawahi kwenda vile, nilikuwa sitazami hata vidole. Alinieleza atakavyoipanga shule yake, nani atamhamisha, ua gani atapanda. Pini alinipa vishungi vya nywele za bandia na akawa anatazama. Tulipofika mwisho, mgongo wote wa Mwalimu ulikuwa umefunikwa, na hapakuwa na rasta iliyoizidi nyingine.

Mwisho wa rasta ni maji ya moto. Ncha za nywele za bandia zisipochovywa kwenye maji yaliyochemka zinafumuka siku ya pili. Unaleta jagi nyuma ya mteja, unakusanya zile ncha, unazichovya, unazishika mpaka zinyooke. Pini alikuwa amenyanyua jagi. Nikamwambia alete, nikalipokea. Kuchovya nafanya mwenyewe siku zote, simwachii mtu, maana hapo ndipo kazi inapoharibika.

Nilimwambia Mwalimu, "Sasa tulia, usitikisike." Nilimwambia hivyo, hilo nalikumbuka. Kisha nikasikia ile harufu ya pasi inayonijia kila ninapokaribia kuanguka.

Niliamka sakafuni, ubavu wangu umelowa. Pini alikuwa amenigeuza ubavu safari hii, hakuleta kijiko. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kiti kilikuwa kitupu. Maji yalikuwa yametapakaa sakafuni, na ndani ya maji kulikuwa na kipande cha rasta.

"Mwalimu yuko wapi?"

Pini akatikisa kichwa.

"Pini. Mwalimu yuko wapi?"

"Brashi amempeleka hospitali."

"Ameungua?"

Nikamshika mabega nikamtikisa, dada mtu, mdomo unatoka povu bado, "Ameungua wapi? Niambie!" Akasema, "Dada, tulia." Akasema neno lile lile. Nikamwachia.

Brashi alirudi magharibi, nguo zote maji. Amesema ni shingo na mgongo na bega moja. Amesema aliwaambia wauguzi kwamba jagi liliteleza.

7 Mei

Nimemeza dozi nzima. Hakuna aliyenichungulia.

8 Mei

Mvua. Saluni imefungwa.

10 Mei

Namuuliza kila mtu ilivyokuwa, na kila mtu ananiambia kivyake. Pini anasema lilikuwa tone tu kwanza. Brashi alifika nikiwa nimeshaanguka, lakini anaeleza kama aliyekuwepo. Nimezoea kusimuliwa maisha yangu na watu wengine. Lakini hili nataka kulijua lilivyo.

11 Mei

Nimekwenda hospitali. Amelala kifudifudi, mgongo umepakwa dawa nyeupe, na kichwa kimenyolewa chote. Ilibidi wakinyoe. Kazi yangu yote imetupwa kwenye ndoo fulani humo.

Nilichuchumaa chini ili anione uso. Nilitegemea anifukuze, nilikuwa tayari.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Niambie ilikuwaje."

"Huwezi kuacha?"

"Siwezi."

Akafumba macho. "Nilisikia joto mgongoni. Nikadhani ni matone. Ulikuwa umeniambia nitulie, nisiharibu kazi, kwa hiyo nikatulia. Joto likazidi, nikawaza, huyu anajua anachofanya. Nikatulia mpaka nikasikia jagi linaanguka."

Nilikaa chini kabisa, sakafuni, na wapitaji wakawa wananiruka.

Baada ya muda akaniuliza, "Si ulisema umeacha kuanguka? Dawa ulikuwa unameza?"

"Nusu."

Nilisikia mvua dirishani na mgonjwa mwingine anaomba maji.

"Kwa nini?"

"Mikono ilikuwa inatetemeka."

"Ungeniambia," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kulimeza. "Ungeniambia tu, ningesukwa na Pini. Au ningekaa na ncha zimefumuka. Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya rasta."

Cheo chake hakikumngoja. Amepewa mwingine.

14 Mei

Nimemwambia Brashi ukweli wa dawa. Nilijiandaa kwa makelele. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama viatu vyake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Uliacha kidonge kimoja hakikuzama, siku ya pili tu. Nilikiona chooni. Nikavuta maji."

"Na bado ukawa unanichungulia mdomoni?"

"Nilikuwa nachungulia ili uone nachungulia."

Nikamrukia. Nilimpiga kifuani kwa hii mikono isiyo na nguvu, na yeye hakujikinga. "Kwa nini hukusema? Kwa nini, Brashi? Mtu ameungua!"

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Ulikuwa umerudi ndani ya nyumba. Nilikuwa nimekukosa, mke wangu. Kila siku nasema kesho nitamwambia, kesho nitamwambia."

Nilikuwa nimemwita askari magereza, nikaandika humu kwamba anamtaka mke anayesinzia. Kumbe tulikuwa tunafanya kosa moja, kila mtu kwa upande wake wa mlango wa choo. Tulilia wote wawili. Haikutusaidia kitu.

15 Mei

Mikono imeanza tena kutetemeka.

21 Mei

Kliniki.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mara moja. Na nimemuunguza mtu."

Nikamweleza yote, toka nusu ya dozi mpaka kichwa cha Mwalimu kilivyonyolewa. Aliweka kalamu chini. Watu wakagonga mlango, akawaambia wasubiri.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu mikono?"

"Nilikuambia, daktari."

Akafungua faili langu, akapekua nyuma na mbele. Akasimamisha kidole kwenye ule mstari wake wa Aprili. Nadhani ulikuwa unasema tu kwamba sijaanguka.

"Samahani," akasema. Sijawahi kusikia daktari akisema hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona kumbe ni kijana tu, na amechoka kutuzidi sisi tulioko kwenye foleni.

Akaniambia ipo dawa nyingine isiyotetemesha mikono. Inapatikana mbali, lakini inapatikana. Inabidi hii ipunguzwe polepole na ile iongezwe polepole, kwa miezi.

"Na katikati hapo?"

"Katikati hapo unaweza kuanguka. Siwezi kukudanganya."

Brashi akanigeukia. "Jaribu. Tutafunga saluni. Nitakaa na wewe kila dakika, hutashika hata kikombe cha chai."

Nilitaka kusema ndiyo, Mungu anajua. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikamwona Mwalimu ametulia kwenye kile kiti kwa sababu nimemwambia atulie.

"Niache na hii hii," nikasema.

"Una hakika?" akauliza daktari. "Si lazima uamue leo. Mlango uko wazi."

"Nina hakika."

Akaandika. Safari hii aliandika mistari mingi.

26 Mei

Mvua inakatika. Brashi amepata nyumba ya kupaka.

29 Mei

Nimepeleka uji hospitali. Mwalimu anakaa sasa. Hatukuzungumza sana. Ngozi ya shingoni inavuta, hawezi kugeuka akiitwa.

3 Juni

Jua, siku nzima. Pini amefungua saluni, nimekwenda kumsaidia kufagia. Hakukuwa na mteja, akaniambia, "Dada, kaa nikufunike hizo sehemu zilizonyonyoka." Nikakaa. Sijawahi kukaa kwenye kile kiti kama mtu wa kusukwa. Kioo kinakuonyesha wewe, hakikuonyeshi kazi.

Alianza, na mstari wa kwanza nikausikia unakwenda upande. Nikataka kumwambia. Nikanyamaza. Wa pili ulikuwa mzuri zaidi. Wa tatu hata mimi nisingeukosoa. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

Akaingia msichana mgeni, wamehamia juzi upande ule wa shule. Akasalimia, akakaa kwenye benchi, akawa anatazama vidole vya Pini.

"Dada, umepata msusi kweli," akaniambia kwenye kioo. "Anajua, eh?"

Vidole vya Pini vikasimama. Nilimsikia anavuta pumzi aseme.

"Anajua," nikasema haraka. "Kaa usubiri, hutajuta."

Akafurahi, akasogea. Alikuwa mcheshi, anataka mazungumzo, kama mimi nilivyokuwa. Akauliza jina la mtaa, akauliza soko liko wapi, nikamwelekeza. Akaniuliza, "Na wewe dada unafanya kazi gani?"

Nimeanguka sokoni, nimeanguka jikoni, nimeanguka siku ya harusi yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo mtu akiniuliza swali hilo nilikuwa na jibu moja. Leo sijaanguka, na daktari atafurahi.

"Mimi ni mgonjwa," nikamwambia.